Hema la Juu, Hema la Chini, na Ayeyo Aliyekataa Kushuka

Juzi mmoja wenu alinipigia simu akiwa dukani Nairobi. Hata salamu hakumaliza. "Sista Shamsa, tumeambiwa tuchague mahema ya timu. Tuchukue lile la kufungwa juu ya gari, ama haya ya kulala chini? Nijibu haraka, mwenye duka ananiangalia." Nikamwambia hilo si swali la kujibiwa haraka, angoje nivute kiti. Simu ikakatika. Baadaye nikasikia amerudi Garissa na viti vya kukunja.

Sasa nawaandikia nyote mnaohamahama na kliniki, asije akatokea mwingine akarudi na meza.

Mimi nimestaafu. Nakaa Waberi, hapa Garissa, nalala kwenye kitanda cha mbao, na asubuhi nikiamka nakikuta palepale. Msidharau jambo hilo. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya uuguzi nililala nje, nikifuata wafugaji, ambao nao walikuwa wakifuata mvua. Kliniki yetu ilikuwa gari moja, sanduku la barafu lenye chanjo, na watu watatu: mimi, dereva wetu Dubow, na Daktari Mutua kutoka Kitui. Kwa vyeti Mutua alikuwa ofisa wa kliniki, lakini huku kwetu ukining'iniza kile kifaa cha kusikilizia moyo shingoni, wewe ni daktari, mambo yamekwisha.

Naanza na hema la chini, maana ndilo lililonifundisha adabu.

Safari yangu ya kwanza niliona mgunga mkubwa wenye kivuli kizuri, na ardhi chini yake safi kana kwamba imefagiliwa. Nikaanza kutandaza hema. Dubow akaja akasimama. Huyu Dubow p kwake mara nyingi ni b na v ni f, ulimi wa nyumbani tu, hata wangu nikikasirika hurudi hukohuko.

"Sista, hapana weka hema hapa. Hii kifuli ya mbuzi."

"Mbuzi wako wapi?"

"Mbuzi ilienda. Kube ilibaki."

Nilikuwa nimetoka chuoni majuzi na hakuna nilichokuwa sikijui. Nikalala pale. Asubuhi nilikuwa nikichomoa kupe nyuma ya masikio na mahali pengine nisipopataja, huku Dubow amekaa mbali kwa heshima, amenipa mgongo, anakunywa chai, na kila nikisema "aah!" anaitikia "alhamdulillah, huyo ametoka."

Basi kivuli mkikiona kimefagiliwa, jueni kimefagiliwa na matumbo ya mbuzi. Laleni juani, jua lenyewe litazama.

Vigingi vya dukani navyo vimetengenezwa kwa ajili ya nyasi za watu wengine. Kwenye mchanga wetu havishiki hata kidogo. Jazeni vifuko mchanga, mvifunge kwenye kamba za hema, mvifukie, mkanyage juu. Mlango uupe upepo kisogo. Na msifunge hema ndani ya lagha, ule mkondo mkavu wa mto, hata kama mbingu ni nyeupe. Mutua alipoteza viatu vyote viwili na sufuria ya wali kwa mvua ambayo hata wingu lake hakuliona. Ilinyesha huko mbali, maji yakaja yenyewe.

Halafu kuna joto. Ardhi ya huku hukaa na joto la mchana muda mrefu baada ya magharibi. Ukilaza godoro mapema utaiva upande mmoja kama anjera, ule mkate wetu mwembamba. Tandika mkeka kwanza, fungua mlango, kunywa chai, zungumza na watu. Ardhi ikipoa ndiyo ulale. Mbuzi nao wafukuze kabla ya kulala, kwa sababu mbuzi wa Wajir anakula kamba ya hema kama tambi.

Mnaona nalilalamikia, lakini hema la chini nilikuwa nasimama ndani yake wima. Nilibadilisha nguo, niliswali, nilimlaza mama mgonjwa, na gari likitakiwa mahali liliondoka likaniacha na nyumba yangu.

Hema la juu lilitujia kama zawadi ya mfadhili. Lilikuwa kama sanduku jeusi pana juu ya keria ya gari. Unafungua zipu, unavuta ngazi, na lote linafunguka kama kitabu: nusu ya sakafu inabaki juu ya gari, nusu nyingine inaning'inia nje ubavuni, na ngazi ndiyo mguu wake. Godoro limo ndani tayari. Siku ya kwanza Mutua alimaliza kulifungua, akapanda, akalala, akachungulia dirishani kuniuliza kama nahitaji msaada, na mimi bado natafuta mti wa pili wa hema langu.

Dubow hakulipenda. "Hii ghorofa," alisema, na jina likabaki. Gari lake lilianza kuyumba kwenye kona, matawi ya migunga yakawa yanalikwaruza ghorofa, na dizeli ilikwisha mapema. Nilimsikia akiibembeleza Landikruza kwenye mashimo, "bole mama, bole."

Ghorofa likawa la Mutua, kwa sababu ngazi na dira langu, lile gauni refu pana, havikupatana, na sikuwa tayari kupanda mbele ya wazee wa watu huku upepo ukiamua mambo yangu. Lakini niseme kweli, nililionea wivu. Huko juu kulikuwa na upepo. Nge hawafiki, vumbi halifiki, na asubuhi Mutua hakuwa na haja ya kukung'uta viatu.

Ila nalo lina fitina zake. Mwenye kukoroma asipewe. Bati la gari lilikuwa likiukuza mkoromo wa Mutua hivi kwamba mara ya kwanza Dubow alitoka mbio na ufunguo mkononi akidhani gari limejiwasha. Tena gari lazima lisimame sawasawa. Kuna mahali tulikaa kambi gari likiwa limeinama kidogo upande wa kichwa cha Mutua. Akaamka uso umevimba kama mandazi. Akajipima, akajiambia ni mzio, akajiandikia dawa. Kesho yake hivyohivyo. Alimeza dozi nzima, mpaka Dubow aliposogeza gari kwa sababu nyingine kabisa, na daktari akapona. Akasifu sana ile dawa. Nyinyi lazeni chupa ya maji iliyojaa nusu juu ya boneti, mtazame maji yanakimbilia wapi, kisha chimbeni chini ya magurudumu ya upande wa juu. Msiweke mawe chini ya yale ya upande wa chini. Mawe huteleza.

Lakini kasoro kubwa ya ghorofa ni kwamba likiwa limefunguliwa, gari halina ruhusa ya kwenda popote. Na hapo ndipo anapoingia Ayeyo Dahabo.

Tulikuwa kwenye manyatta moja kando ya njia iendayo mji wa Diff. Wazee walituonyesha pa kulala, karibu nao, tukalala salama. Asubuhi tukapanga meza, nikatoa sindano, na akina mama wakakaa mbali kule na watoto wao mapajani, hakuna anayesogea. Nikauliza kuna nini. Wakasema wanamngoja Ayeyo. Ayeyo ni bibi kwa Kisomali, lakini huyu hakuwa bibi wa wajukuu wake peke yao. Msimu uliopita timu nyingine ilikuja, mmoja wao akamjibu vibaya, na hakuna mtoto hata mmoja aliyechanjwa.

Akaja na fimbo, mrefu, mkavu, shungi jeusi. Nyuma yake alikuja binti yake Kaltuma, mwanamke mtu mzima, amebeba kigoda ambacho Ayeyo alikataa hata kukitazama. Nikasalimia kwa heshima zote. Aliitikia bila kusimama, akanipita mimi na meza yangu, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Akalizunguka. Akaligonga ghorofa kwa fimbo kutoka chini.

"Hii ni nini?"

"Nyumba, Ayeyo. Ya daktari."

"Kaijenga nani?"

"Imetoka kiwandani."

"Haikujengwa na mwanamke."

"Umejuaje?"

"Mwanamke angeweka mlango chini."

Kwetu, kwa wasiojua, nyumba ni kazi ya mwanamke. Aqal, ile nyumba ya miti ya kupinda na mikeka, mwanamke ndiye anayeijenga, siku ya kuhama anaibomoa, anaipakia juu ya ngamia, na mbele ya safari anaisimamisha tena. Ayeyo alikuwa akifanya hivyo tangu usichana wake.

Mutua alikuwa akitabasamu. "Anasemaje?"

"Anasema hongera," nikamwambia.

Ayeyo akamkabidhi Dubow fimbo. "Naingia kuona ndani."

"Hooyo, pole pole!" Kaltuma akamwambia mama yake.

"Pole pole ni ya wagonjwa." Akashika ngazi akapanda, bismillahi, bila kupumzika hata kidato kimoja, akatoweka mlangoni. Manyatta nzima ikacheka kwa furaha.

Akina mama walipoona Ayeyo amekaa nyumbani kwetu, wakainuka wote mara moja. Sijawahi kuwa na kliniki yenye nidhamu kama ile. Kichwa cha Ayeyo kilikuwa dirishani, na sauti yake ikitushukia: "Wewe, usipite mbele ya mwenzako! Huyo mtoto ana homa, mwanzeni huyo! Wewe nawe unamficha nani ndani ya shungi? Mtoe!" Mutua alipima, mimi nikachoma, watoto wakalia, jua likapanda, tukamaliza.

Tukaanza kufunga mizigo. Kulikuwa na manyatta nyingine upande wa Diff inatungoja siku hiyohiyo, na barafu ya chanjo haingojei mtu.

"Ayeyo, tumemaliza," niliita. "Tunashukuru sana."

"Vizuri. Nendeni kwa amani."

"Gari ndilo hili, Ayeyo."

"Sijaligusa gari lenu."

Kaltuma akajaribu. Ayeyo akasema bado anakagua mishono. Tukangoja. Mutua akafungua sanduku la barafu, akalifunga, akanitazama. "Sista, inayeyuka. Mwambie tu ashuke."

Kabla sijafungua mdomo, mto wa Mutua ukaruka kutoka dirishani ukatua miguuni pake.

"Sasa anasemaje?"

"Anasema foronya ifuliwe."

Dubow aliinama karibu nami. "Sista, huyu mama hajakataa. Kuna kitu. Banda wewe."

Siku hiyo nilikuwa nimevaa suruali ndani. Nikalifunga dira kiunoni, nikapanda. Nikamkuta Ayeyo kwenye pembe ya mwisho kabisa ya hema, upande ulio juu ya gari, ameshika mkanda wa dirisha kwa mikono yote miwili. Uso ulikuwa uleule wa kuamrisha. Mkanda hakuuachia.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga.

"Wakati wa kupanda nilikuwa natazama juu," akasema. "Sasa nikitazama chini, miguu siioni iko wapi. Magoti yamekataa."

"Tutakubeba, Ayeyo. Nikiwaita Dubow na daktari ni mara moja."

Akanitazama kama aliyetukanwa. "Sikiliza, binti yangu. Wiki ijayo tunahama. Wanangu walioko Wajir wametuma maneno. Wanasema mama amezeeka, aletwe mjini, kuna chumba, kuna bati, kuna bomba la maji. Nikakae huko nitazame ukuta. Kaltuma bado hajajibu. Nikishushwa hapa kama gunia mbele ya watu wote, ndio jibu lenyewe."

Nikayapapasa magoti yake. Yalikuwa yamevimba, ya moto kidogo, ya mtu aliyetembea sana. Niliyaonea huruma, na niseme sikuwa na hakika kwamba wanawe wanakosea. Wajir kuna hospitali. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia watu wengi, mleteni mzee mjini.

"Huwezi kuhama ukiwa juu ya ngamia?" nikamuuliza. "Wazee wengi hupanda."

"Nikizeeka nitapanda."

Nikashuka. Mnajua kazi yetu, ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Kwa hiyo niliwavuta Dubow na Mutua nyuma ya gari nikawaambia jambo moja tu: lazima ashuke, na asionekane anashushwa.

Dubow akawa na jibu papo hapo. Ngamia! Ngamia mrefu asogezwe ubavuni mwa ghorofa akiwa amesimama, Ayeyo aingie tu juu ya mikeka mgongoni mwake, kisha ngamia apige magoti, naye ashuke chini kama malkia. Kwa watu tukatangaza kwamba Ayeyo anataka kulinganisha nani mrefu, ngamia au ghorofa. Wazo hilo liliwafurahisha sana wazee, wakaanza kubishana, na ngamia akaletwa, jike lenye utulivu, linatafuna kama lililosikia kila kitu duniani.

Nikapanda tena kumsaidia. Ngamia akasogea. Akasimama vizuri. Ayeyo akatoa mguu mmoja nje ya dirisha, kwa namna ya mtu anayenyoosha mguu kwa starehe zake. Hapo upepo ukaingia chini ya kitambaa cha kivuli kilichotandazwa juu ya ghorofa, kikapiga paa!

Yule ngamia mtulivu alipiga ukelele ambao sijausikia tena mpaka leo. Akaruka kando, mguu ukanasa kwenye kamba za hema langu, lile la chini, lililokuwa limesimama karibu na gari bila kumkosea mtu. Vile vifuko vya mchanga nilivyowaeleza vikafumuka kimoja kimoja, na hema likaondoka. Lilipita katikati ya manyatta likiruka, miti yake ikigonga masufuria, nguo yangu ya kulalia imesimama juu ya mti kama bendera, mbuzi nyuma, mbwa nyuma ya mbuzi, mwenye ngamia nyuma ya wote akimwita kwa majina mazuri. Watoto niliokuwa nimewachoma sindano wakasahau kulia.

Ayeyo alicheka mpaka ghorofa likatikisika. Nilimshika kiunoni nisije nikampoteza. "Shika neno langu," akaniambia akijifuta machozi, "hilo la kwako ndilo nyumba. Umeona linavyohama?"

Chini Dubow alikuwa ameshika kichwa. Mutua alikuwa anatazama mbali, na mimi nikadhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa anapima kwa macho.

"Ile silanga," akasema. "Nilienda kunawa pale asubuhi. Ule udongo uliochimbwa ukarundikwa pembeni, si unafika karibu na kimo cha gari? Tukiegesha ubavu wa hema kwenye ule udongo, anatoka anatembea zake."

Silanga ni bwawa la kuchimbwa la kuvunia mvua, na lile lilikuwa hatua chache tu nje ya manyatta. Nilimwona Dubow akilipenda wazo hilo, kisha akikumbuka gari ni la nani. "Haiwezekani. Ngazi ndio mguu. Ukitoa mguu, nusu ya nje inafunjika. Na ghorofa ikiwa wazi, gari haitembei. Hapana."

Kaltuma alikuwa amesogea bila sisi kumwona. Aliondoka, akarudi na wanawake wenzake, kila mmoja na mti wa aqal begani.

"Hooyo anataka kuona kama nyumba hii inaweza kuhama," akawatangazia watu kwa sauti kubwa. "Sisi tutaishika."

Basi ikawa hivyo. Mimi na Ayeyo tukakaa katikati, upande ulio juu ya gari. Ngazi ikapandishwa. Wanawake wakaingia chini ya ile nusu inayoning'inia, wakaiegemeza kwa miti yao. Dubow akaingiza gia ya kwanza, kichwa nje ya dirisha, akisoma dua, na Landikruza ikaondoka kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Mutua alitangulia akitembea kinyumenyume, akielekeza kwa mikono miwili. Mmoja wa wanawake akaanzisha wimbo wa kupakia ngamia, wengine wakaitikia, na manyatta nzima ikafuata. Ayeyo alifungua dirisha pana. Alikuwa akiwapungia watu mkono.

"Kushoto kidogo, kushoto," Mutua aliita, "njoo, njoo, njoo..." akatoweka. Alikuwa amepanda tuta la silanga kinyumenyume akateremkia upande wa pili, kwenye tope. Mkono wake mmoja ulionekana bado unaelekeza. Dubow akaufuata mkono, na ubavu wa ghorofa ukagusa udongo.

Ayeyo akangoja vumbi litulie. Akaliweka sawa shungi lake. Nikapitisha mkono wangu ndani ya shungi lile, chini ya kwapa lake, mahali pasipoonekana, naye akajisogeza mpaka ukingoni, akaweka miguu juu ya udongo, akasimama. Uzito wake wote ulikuwa mkononi mwangu, kisha polepole haukuwa tena. Wanawake wakapiga vigelegele. Akanyoosha mkono, Dubow akampa fimbo.

Kila mtu alikuwa akingoja hukumu.

"Upepo ni mzuri," akasema Ayeyo. "Godoro nene mno, litaharibu migongo ya vijana. Inayumba. Jiko hakuna." Akamtazama Mutua, ambaye alikuwa akipanda kutoka silangani, matope hadi kifuani. "Na mwenye nyumba ni mchafu."

"Anasemaje?" Mutua akauliza.

"Anakushukuru," nikasema, na safari hii nilikuwa karibu na ukweli, maana Ayeyo alikuwa amekwisha kumwagiza mtu amletee maziwa ya ngamia.

Tulipokuwa tukikunja ghorofa, Kaltuma alikuja akasimama nami.

"Sista, hakuweza kushuka. Sivyo?"

Nikaendelea kuvuta zipu ya ghorofa.

"Usinijibu," akasema haraka. "Kaka zangu wakiniuliza, nataka niape kwamba hakuna aliyeniambia." Akawa anauviringisha ule mti wa aqal mkononi. "Mimi nilizaliwa njiani, siku ya kuhama. Alinifunga mgongoni akaenda kusimamisha nyumba. Sasa nimpeleke nimweke chini ya bati?"

Nikampa dawa ya maumivu, nikamweleza namna ya kuyakanda magoti kwa maji ya moto, na nikamwambia kama muuguzi kwamba kutembea safari nzima haiwezekani tena, na njia yao ikipita karibu na Wajir amfikishe hospitali hata kwa siku moja. Hilo alilisikiliza neno kwa neno.

Tulifika kule kwingine jua limeshaanza kulegea. Mutua alifungua sanduku mbele yetu sote. Barafu ilikuwa imebaki vipande, lakini kipimajoto kilikuwa mahali pake, na watoto wote waliotungoja walichanjwa kabla ya magharibi. Hema langu lilirudishwa na mwenye ngamia, ameona haya kuliko ngamia wake. Lilikuwa na tundu pana ubavuni. Nililishona juu nikaliacha chini, na kutoka siku hiyo nikawa napata upepo kidogo bila kupanda ngazi.

Kwa hiyo mkiniuliza, kama gari lenu ni moja, chukueni ya chini. Gari la kliniki ni la kukimbia. Mama akishikwa na uchungu usiku hutaki kuanza kukunja nyumba ya mtu. Kama mna magari mawili, basi moja libebe ghorofa, alale huko mwenye mgongo mbaya, au anayeogopa nge, au daktari mgeni wa wiki moja mnayetaka arudi tena. Asilale huko anayekoroma, wala anayeamka kwenda haja mara kwa mara, wala mwenye dira. Na mkifika kwa watu, likunjeni kabla bibi yeyote hajaamka.

Ayeyo nilimwona mara moja tu tena. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa Wajir, barabara nyekundu na laini, tukakuta msafara unavuka. Dubow akasimamisha gari akazima injini bila kuambiwa. Ngamia walipita mmoja baada ya mwingine, miti ya aqal imepinda pande zote mbili, vibuyu vya maziwa vikigongana. Katikati yao, juu ya mikeka iliyokunjwa vizuri, alikuwa amekaa Ayeyo Dahabo, na Kaltuma ameshika kamba ya ngamia, anatembea mbele.

Nilitoa kichwa nje nikamwitia salamu ya amani, "Nabad, Ayeyo!"

Hakunisikia, au hakuwa na nafasi. Alikuwa ameinama akionyesha kwa fimbo mzigo wa ngamia wa mbele, akigomba kwa sauti ya kufika Diff: miti ile ya kushoto imelegea, itaanguka kabla ya lagha, hivi imefungwa na nani, mtu gani huyo ambaye hakufundishwa na mama yake?

"Ni kweli, Hooyo," akajibu Kaltuma, na akaendelea kuvuta kamba.